Nyumba na Ardhi Yake: Habari za Watu wa Garissa Walionunua Nyumba Mombasa



Katika kila taarifa ya mwaka Chama chetu huweka kurasa chache za habari za kale, ili vijana wapate kuijua njia waliyopita wazazi wao. Mwaka huu Halmashauri imetutaka tuandike juu ya nyumba. Sababu yake wengi mnaijua. Mjane wa mwanachama mwenzetu aliletewa barua ya kumwarifu kuwa kiwanja ilikosimama nyumba yake, hapa kisiwani Mombasa, kimeuzwa, na kwamba atoke. Alikuja mkutanoni na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na hati ya mauziano ya nyumba, yenye saini za mashahidi wanne, na stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka zaidi ya thelathini. Karatasi zote zilikuwa za kweli. Lakini hapakuwa na hata moja iliyosema kuwa ardhi ni yake.

Usiku ule wengi wetu tulirudi majumbani tukafungua masanduku yetu wenyewe. Basi twaandika habari hizi, si kwa kumlaumu aliyenunua wala aliyeuza, bali tupate kufahamu jambo hili lilianzaje na limetufikishaje hapa.

BANDARI ILIYOKUWA KARIBU

Wako wasemao kuwa sisi watu wa bara kavu hatukuwa na habari ya bahari. Neno hilo si kweli. Kabla ya mwaka 1925 bandari ya karibu na watu wetu ilikuwa Kismayu, nayo ilikuwa mji mkuu wa Jubaland, jimbo lililokuwa chini ya serikali ya Kenya. Pale waliishi Wabajuni, Waarabu, Wahindi, na wafanya biashara wa Kisomali, na ng'ombe, ngozi na samli kutoka bara zilipata soko. Mwaka 1924 Uingereza na Italia zilipatana, na mwaka uliofuata Jubaland ikakabidhiwa Waitalia. Mpaka ukapita katikati ya malisho na katikati ya jamaa, na bandari ikabaki ng'ambo ya pili.

Tangu hapo mtu wa Garissa aliyetaka bahari alielekea Lamu au Mombasa. Njia hiyo nayo haikuwa wazi. Sheria ya mwaka 1902 iliiwezesha serikali kuzifunga wilaya za mbali, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikazidi kuwabana watu wa wilaya za mpaka wa kaskazini. Mtu hakuingia wala kutoka bila ya ruhusa. Kwa hiyo wazee wetu wa kwanza waliofika Mombasa walikuwa wachache: askari, watumishi wa serikali, na wauza mifugo. Walipanga vyumba, wakauza, wakarudi. Kununua nyumba hakukuwamo katika fikira zao.

MJI WA MOMBASA NA ARDHI YAKE

Mombasa ni mji wa watu wengi tangu kale. Wenyeji wake ni Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Tatu Taifa. Juu yao walikuja Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Kisha Waarabu wa Omani, walioitwaa ngome hiyo mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa muda wa miaka zaidi ya miwili. Wabaluchi walikuja wakiwa askari, Wahadhrami wakiwa wachuuzi, na Mabohora na Wahindi wengine wakiwa wenye maduka. Hata leo mtu akitembea kutoka Ndia Kuu hadi Kibokoni na Kuze atasikia lugha nyingi kabla hajafika mwisho wa barabara. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya tumbawe na chokaa, zina baraza mlangoni na boriti darini, na nyingi zimekuwa mikononi mwa jamaa moja vizazi kwa vizazi.

Yatupasa sasa kutazama ardhi. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza uendeshaji wa Mwambao, yaani ukanda wa pwani wa maili kumi, naye akilipwa kodi kila mwaka. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa, na thamani ya viwanja ikapanda. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi. Kila aliyedai kuwa na ardhi katika ukanda huo alitakiwa apeleke madai yake mbele ya Mwandikishaji. Aliyekubaliwa alipewa hati. Ardhi isiyo na mdai ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Wenye elimu ya karatasi walipeleka madai yao mapema. Wengi wasiokuwa nayo, hasa Wamijikenda, walibaki wakilima juu ya ardhi ambayo katika daftari ilikwisha kuwa ya mwingine.

Hati hizo hazikufa na utawala wa kikoloni. Mnamo Oktoba 1963, Sultani alipouachia Mwambao uwe sehemu ya Kenya, Bwana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Bwana Mohamed Shamte, waliandikiana barua. Moja ya ahadi zilizoandikwa humo ni kuwa hati za ardhi ya Pwani zilizokwisha kuandikishwa zitaendelea kutambuliwa. Basi anayeuza kiwanja leo, yawezekana nguvu yake yatoka katika karatasi iliyoandikwa kabla babu zetu hawajaiona Mombasa.

Tena iko ardhi ya wakfu. Mtu aliitoa kwa ajili ya msikiti, maskini, au kizazi chake, na msimamizi wake ni Tume ya Wakfu. Ardhi ya namna hii asili yake haiuzwi. Aliye juu yake hulipa kodi tu.

DESTURI YA NYUMBA BILA ARDHI

Reli na bandari ya Kilindini zilileta vibarua kwa maelfu, na watu hao walitaka mahali pa kulala. Ndipo mitaa ya Majengo ilipokua. Mwenye ardhi alikikata kiwanja vipande, akampangisha mtu kila kipande kwa kodi ya mwezi. Aliyepanga akajenga nyumba yake ya Kiswahili: kuta za fito na udongo, paa la makuti na baadaye mabati, ukumbi katikati, vyumba sita pande mbili, na uani nyuma. Yeye alilala chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia. Hivyo kibarua wa gatini alimlipa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akamlipa mwenye ardhi. Dhiki ya makao na ughali wa maisha vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma wafanya kazi wa Mombasa kugoma Januari 1947.

Nyumba hizo ziliuzwa na kununuliwa, zikarithiwa, zikaozeshwa kama mahari. Watu wa Pwani huziita nyumba bila ardhi. Jambo hili lina asili katika desturi ya Pwani, ambako hata mnazi huweza kuwa wa mtu mmoja na shamba la mwingine. Lakini sheria ya Kiingereza hukihesabu kilichoshikamana na ardhi kuwa sehemu ya ardhi. Desturi na sheria zilikaa pamoja kwa amani muda wote ambao mwenye ardhi aliridhika na kodi yake.

KWA NINI WAZEE WETU HAWAKUONA AJABU

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Wapo vijana wanaowacheka wazee waliotoa fedha za ng'ombe wao kununua kuta bila kiwanja. Wasicheke. Katika maisha ya kuhama, nyumba na ardhi ni vitu viwili mbali mbali. Nyumba ya Wasomali, aqal, ni mali ya mwanamke. Yeye huijenga kwa fito zilizopindwa na mikeka, naye huibomoa na kuipakia juu ya ngamia jamaa wanapohama. Malisho hayana mwenyewe mmoja. Ni ya wote wa ukoo, na visima vina taratibu zake. Mtu aliyelelewa hivyo akaambiwa Mombasa, "Nyumba ni yako, ardhi si yako," angeona ajabu gani? Hivyo ndivyo alivyozaliwa.

Kosa lilikuwa katika tofauti moja ambayo haikuelezwa. Nyumbani kwetu, ardhi isiyo yako ni ya wote, nawe u mmoja wao, na hapana awezaye kukuuzia chini ya miguu yako. Mombasa, ardhi isiyo yako ina mwenyewe, jina lake li katika daftari, naye aweza kuiuza bila kukuuliza. Tena aqal hubebwa na ngamia. Nyumba ya vyumba sita haibebwi.

MIAKA YA HALI YA HATARI

Ingekuwa rahisi kusema kwamba wazee wangalinunua hati badala ya kuta. Lakini tukumbuke nyakati zao. Mwishoni mwa mwaka 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika nchi yetu ya kaskazini mashariki, na ijapokuwa vita vilikwisha kwa mapatano ya mwaka 1967, sheria zake za pekee zilidumu hadi mwaka 1991. Novemba 1980 mji wa Garissa ulipata msiba wa Bulla Karatasi, ambao wazee wetu hawahitaji kukumbushwa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa wathibitishe uraia wao upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pekee ya rangi ya waridi.

Hati ya ardhi yataka kitambulisho. Mtu ambaye kitambulisho chake hutiliwa shaka kila kizuizi cha barabarani hana moyo wa kwenda ofisi ya ardhi kusimama mbele ya karani. Nyumba bila ardhi haikutaka ofisi. Ilitaka fedha, mashahidi, na uaminifu. Basi ilikuwa ndiyo nyumba ambayo mtu wetu aliweza kuinunua, na wengine waliziandikisha kwa majina ya marafiki. Jambo la kushukuru ni kuwa wengi wa marafiki hao, Waswahili, Wabajuni na Waarabu, walitunza amana mpaka leo.

MAMBO YALIVYO SASA

Tangu miaka ya 1990 watu wetu wamezidi kuja Mombasa kwa biashara, kwa shule, na kwa matibabu. Wakati huo huo ardhi ya kisiwani imekuwa ghali, na mahali pa nyumba ya vyumba sita pamesimama maghorofa. Warithi wa wenye ardhi, ambao wengine hawakai tena Mombasa, huona faida zaidi kuuza kuliko kukusanya kodi ndogo ndogo. Mnunuzi mpya huitaka ardhi ikiwa tupu. Ndivyo barua zinavyokuja.

Tusidhani, hata hivyo, kuwa karatasi yoyote ni ngao. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa juu ya kiwanja cha Nyali. Kampuni ilikuwa na hati, nayo ilikuwa imekinunua. Lakini mahakama iliona kuwa hapo mwanzo kiwanja kilikuwa mali ya umma na kiligawiwa kinyume cha sheria, hivyo hati haikumlinda mnunuzi. Maana yake ni kwamba mnunuzi hana budi kuifuata hati hadi kwenye shina lake.

Na tusiisahau Garissa yenyewe. Ardhi iliyokuwa amana ya baraza la wilaya imekuwa ardhi ya jamii kwa Katiba ya mwaka 2010, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza namna ya kuiandikisha. Wengi mjini humo wana barua ya kugawiwa kiwanja na kuiita hati. Barua hiyo si hati. Yaliyotupata Mombasa yaweza kutufuata nyumbani.

MASHAURI YA HALMASHAURI

Kwa hiyo Halmashauri yawaomba wanachama, kabla ya kutoa fedha ya nyumba yoyote, waulize maneno manne. Nyumba ni ya nani? Ardhi ni ya nani, nayo ni ya mtu, ya wakfu, au ya umma? Hati hiyo ilianzaje? Na warithi wote wa muuzaji wamekubali? Majibu yatafutwe katika daftari la Msajili wa Ardhi, kwa mkono wa wakili, wala si kwa mdomo wa dalali. Anayenunua sehemu ya ghorofa naye ahakikishe kuwa atapata hati ya sehemu yake, kama iruhusuvyo sheria ya mwaka 2020.

Waliokwisha kununua nyumba bila ardhi wasikate tamaa. Watunze stakabadhi zote, walipe kodi kwa wakati, na wakae pamoja na jirani zao wa kiwanja kimoja. Mpangaji mmoja hana sauti. Wapangaji ishirini waweza kumwendea mwenye ardhi na kuomba wauziwe wao kwanza. Mama zetu wanajua kuchanga kwa zamu katika ayuto, na tangu mwaka 2008 ziko benki zinazofuata sheria ya Kiislamu hapa Kenya. Uwezo tunao tukiutia pamoja.

Katika habari ya mjane, wenzake kumi na mmoja wa kiwanja kile wamekwisha kukutana mara tatu nyumbani kwake, na wakili anashughulika. Shauri halijakwisha, nasi hatutaki kuahidi lisilokuwa mikononi mwetu. Twawaomba wazee walionunua nyumba zamani waje kwa Katibu na masanduku yao, ili karatasi zinakiliwe na habari zao ziandikwe wangali hai. Mtoto akirithi nyumba asirithi na ujinga wa ardhi yake.