Michenzani: Kosa Halikuwa Ghorofa

Wakazi wa Ng'ambo ya Unguja walikuwa na nyumba, lakini wengi wao hawakuwa na ardhi. Mkondo wa bahari uliwatenga na Mji Mkongwe, na kodi ya viwanja iliwabana hata mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Wakoloni walileta wataalamu wa mipango miji, Lanchester mwaka 1923 na Kendall mwaka 1958. Machoni pao Ng'ambo ilikuwa fujo ya kunyooshwa.

Kwa hiyo baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume, rais wa Zanzibar, alipoahidi majumba ya maendeleo, alikuwa akijibu dhuluma ya kweli. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walianzia Kikwajuni na Kilimani, kisha wakaingia Michenzani, ndani ya Ng'ambo. Nyumba za udongo zilibomolewa, barabara mbili pana zikakatwa msalaba, na kandokando yake yakasimamishwa majengo kumi ya ghorofa, mengi yakikaribia mita 300 kwa urefu. Watu wakayaita treni.

Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs wa New York alikuwa ameshachapisha kitabu kilichowasuta wapanga miji wa namna hii. Alidai kwamba mtaa hupata uhai pale makazi, maduka na kazi vinapochanganyika, nyumba kuukuu zikabaki kati ya mpya, na kona zikawa karibu karibu ili mtu apate njia nyingi za kupita. Usalama, alisema, hutokana kwanza na macho ya wenyeji na wenye maduka, polisi baadaye. Sijui kama kuna aliyekisoma Unguja wakati huo. Lakini Mswahili aliyewahi kukaa barazani jioni, akijua nani kapita, anatoka wapi na mtoto huyu ni wa nani, hakuhitaji kuelezwa.

Ndiyo maana nakataa lawama inayorudiwa kila siku, kwamba Mswahili hawezi ghorofa. Mji Mkongwe umejaa nyumba za ghorofa zilizobanana, na vichochoro vyake havipoi. Jacobs mwenyewe aliutetea msongamano. Kilichoharibika Michenzani kiko chini: ukuta wa karibu mita 300 usio na kichochoro, barabara pana mno kwa salamu, na baraza ya kila nyumba iliyogeuka ngazi ya wote. Maji nayo yamekuwa kero ya mara kwa mara kwa wa juu.

Wenyeji hawakungoja mtaalamu. Vibanda, meza za biashara na viti vya mazungumzo vilijisogeza hadi miguuni mwa treni, pale ambapo ramani iliacha uwanda mtupu.

Katika muongo wa 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikisaidiwa na wataalamu wa Uholanzi, iliendesha mradi wa Ng'ambo Tuitakayo. Safari hii hawakuanza na rula. Walianza kwa kuorodhesha kilichopo, na treni za Michenzani zikaingia katika urithi wa mji pamoja na mitaa ya zamani inayozizunguka.