Picha za Kuuzia Watalii

Mjomba wangu alikuwa mchoraji wa Tingatinga jijini Dar es Salaam. Nikiwa sekondari, kila nilipoulizwa kazi yake nilijibu kwamba ni fundi rangi. Niliona haya. Chui wake wa madoa na ndege wake wa shingo ndefu, kwetu sisi tuliojiona wasomi, zilikuwa picha za kuuzia watalii tu.

Haya hiyo ilinirudia mwaka 2021 jijini New York, ndani ya jumba la Morgan, kwenye maonyesho ya Shahzia Sikander, mchoraji aliyezaliwa Lahore, Pakistan, mwaka 1969. Yalikusanya kazi zake za takriban miaka 15 ya mwanzo, nyingi zikiwa michoro midogo ya karatasi, ile ambayo Wazungu huiita miniature. Asili ya jina hilo si udogo. Limetoka kwenye minium, neno la Kilatini la rangi nyekundu ya madini ya risasi, iliyotumika kupambia vitabu vya mkono huko Ulaya. Picha za vitabu vya Uajemi na India nazo zikaja kubandikwa jina hilohilo.

Vitabu hivyo vilipata misukosuko. Katika karne ya 16, mfalme Akbar wa dola ya Mughal aliamuru kichorwe Hamzanama, kitabu cha visa vya Hamza, ami yake Mtume, chenye picha zipatazo 1,400. Leo zimebaki pungufu ya 200. Mwaka 1881, mnunuzi wa jumba moja la makumbusho la London alizikuta baadhi huko Srinagar, Kashmir, zikiwa zimezibia madirisha. Vitabu vingine vilichanwa, kurasa zikauzwa mojamoja.

Kwa hiyo Sikander alipoingia National College of Arts, Lahore, miaka ya 1980, kazi nyingi zilizo bora zilikuwa mbali, London, Dublin na New York. Nyumbani sanaa hiyo ilionekana ya kunakili tu, ya kuuzia watalii, na wanafunzi wengi hawakuitaka. Yeye aliitaka. Kwa mwalimu Bashir Ahmad alijifunza kugandisha karatasi tabaka kwa tabaka, kuisugua hadi ing'ae, kushika brashi ya nywele za kindi, na kuweka nukta juu ya nukta kwa miezi.

Kazi yake ya kuhitimu, The Scroll, ya mwaka 1989–90, ilikuwepo pale. Kimo chake kinazidi kidogo rula ya shule, lakini urefu unapita mita moja na nusu. Miongoni mwa rangi zake imo chai. Ni nyumba iliyofunuliwa kuta, na msichana wa nguo nyeupe anapita chumba hadi chumba, watu wakiendelea na shughuli zao. Uso wake hatuuoni. Mwishoni amesimama, naye anachora picha ya msichana.

Nilisogea karibu hadi pumzi ya barakoa ikatia ukungu miwani yangu. Ndipo nikaelewa alichofanya. Alizichukua kanuni za mafundi wa wafalme, akachora kwazo nyumba ya kawaida na binti wa rika lake. Baada yake chuo hicho kimetoa wengine wanaojulikana duniani, kama Imran Qureshi na Aisha Khalid. Sanaa iliyodharauliwa ilipata uhai kwa sababu kijana mmoja aliifanyia kazi kwa dhati.

Nikamfikiria Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao laini, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka yote nilikuwa nimelijua jina lake kama jina la bidhaa.

Usiku ule nilimpigia simu mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Za huko?"

Nikamsimulia: karatasi, chai, msichana asiyeonekana uso. Alisikiliza kimya, kisha akauliza swali la fundi: "Hiyo brashi, umesema ya nywele za nini?"

"Za mkia wa kindi."

"Aisee," alisema. "Ukirudi, nielekeze inavyotengenezwa."

Sikujua inavyotengenezwa. Nilimwahidi nitajifunza.