Askari na Wapagazi wa Buha katika Vita Kuu ya Kwanza

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza Agosti 1914, nyanda za juu za Buha, yaani Kasulu na Kibondo za leo, zilikuwa chini ya Wajerumani. Jeshi lao, likiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500, wakiwemo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na Wasudani. Mshahara wa askari ulipita ujira wa kibarua, na mkewe aliandamana naye hata safarini. Waha waliishi katika falme kama Heru, Muhambwe na Buyungu, kila moja na Mwami wake. Kwao vita vilikuja zaidi kwa mzigo kuliko kwa bunduki.

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia na askari zaidi ya 10,000. Kikosi cha kaskazini kilipitia Kigali kikaelekea Biharamulo. Cha kusini kiliteka Kitega mwezi Juni, kisha kikateremka hadi Kigoma mwishoni mwa Julai. Buha ikabaki katikati. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, wakarudi nyuma upande wa Tabora, nayo ikatekwa tarehe 19 Septemba.

Barabara za magari hazikuwepo, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo risasi na unga vilisafiri kichwani mwa watu. Mpagazi alibeba kilo 25 hadi 30, posho yake ikiwa haba. Aliyetoka milimani kwenye baridi alikutana na malaria mabondeni, na kuhara damu kulienea kambini. Chakula cha jeshi kilipopungua, nafaka na ng'ombe vilichukuliwa vijijini. Wapagazi waliokufa Afrika Mashariki, wa pande zote, wanakadiriwa kuzidi 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wabelgiji waliitawala Kigoma hadi Machi 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza, wao wakabaki na Ruanda-Urundi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaonyesha mpiganaji mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini yake tu.