Alama ya Maghani Iliyoingia Simuni

Miongoni mwa emoji zilizomo katika simu zetu imo moja ya manjano, mstari mmoja tu uliokunjwa ukapanda na kushuka mara mbili, ambayo watu aghalabu huidhania kuwa herufi M iliyopindwa au mchoro wa bei za sokoni; ilhali asili yake ni alama ya waghani wa Japani, ambayo kwao huitwa ioriten, na umbo lake ni la paa la kibanda cha mtawa.

Makao yake ya kale ni tamthilia ya Noh, sanaa iliyokamilishwa katika karne ya 14 na Kan'ami na mwanawe Zeami, chini ya himaya ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimitsu. Katika tamthilia hiyo mchezaji mkuu, ambaye aghalabu huvaa barakoa, husema kwa taadhima, kisha maneno yake yakageuka maghani. Na mara nyingine waitikiaji, kwa kawaida wanane, walioketi kando ya jukwaa, huyapokea maneno yale yale na kuyaghani kana kwamba ni wao waliofikwa na masaibu yake. Basi asomaye hati asipoonyeshwa mahali maghani yanapoanza, atapotea. Ndipo ioriten hutiwa juu kabisa ya mstari, kwani Kijapani cha hati hizo huandikwa kutoka juu kwenda chini, na ubavuni mwa maneno hufuata vijistari vidogo ambavyo Wajapani wenyewe huvifananisha na mbegu za ufuta, vya kumwelekeza mghani wapi ainue sauti na wapi aishushe. Karne za baadaye, katika zama za Edo, vitabu vya namna hiyo vilichapishwa na kuuzwa, hata wafanyabiashara wa mijini wakajifunza kughani kwa kujiburudisha.

Mwaka 2000 alama hii ilitiwa katika kanuni ya taifa ya herufi za kompyuta za Japani, na mwaka 2002 ikaingia katika Unicode, sajili ya herufi za dunia nzima, kwa namba 303D. Kampuni moja ya simu ya huko ilikuwa nayo pia katika emoji zake; na Unicode ilipozikusanya emoji za kampuni za simu za Japani mwaka 2010, ioriten ikavuka bahari pamoja nazo.

Wala hapana budi kusema kwamba ugenini haikupewa heshima iliyostahili. Nota za muziki na ala zake zimewekwa pamoja katika orodha ya emoji, lakini ioriten, ambayo kazi yake yote ni kumwambia mtu aanze kughani, imetupwa kwa vitanzi na vinyota vya uandishi, bila hata jirani mmoja wa fani yake. Mahali pake pa haki ni ubavuni mwa nota, nami naona wenye kupanga orodha hizo wangefanya insafu kuihamishia huko.