Reli ya Vita Juu ya Meza

Katika chumba cha kazi za mikono cha chuo chetu cha ualimu ipo meza moja yenye urefu wa mita 4. Wageni wafikapo chuoni, hupelekwa kuitazama kabla hawajaonyeshwa kitu kingine. Juu yake imelazwa reli ndogo, na juu ya reli limesimama gari la moshi la vita, limevikwa mabamba ya bati mithili ya kobe aliyejikunyata ndani ya gamba lake. Gari hilo tulilifanya kwa mikono yetu, mimi na wanafunzi wangu, na hata reli yenyewe hatukuinunua dukani. Nataka kukueleza, msomaji, jinsi tulivyolifanya, na jinsi mzee mmoja alivyotuonyesha kwa swali moja tu kwamba kazi tuliyoidhani imekwisha ilikuwa haijafika hata nusu.

Yafaa kwanza ujue habari ya gari lenyewe. Vita vilipozuka Ulaya mwezi wa Agosti 1914, nchi hii ilikuwa chini ya Waingereza, na nchi ya jirani, ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Kabla mwezi huo haujakwisha Wadachi walikuwa wamekwisha kuiteka Taveta. Tazama ramani, nawe utaiona hatari mara moja. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilipita Voi, safari ya siku chache tu kwa miguu kutoka mpakani. Magunia ya unga, masanduku ya risasi, farasi na askari, vyote vilivyoshuka melini Mombasa kwenda bara vilipita njia hiyo moja.

Basi mwaka 1915 vikosi vidogo vya Wadachi vilizoea kuvuka nyika kwa siri, vikafukia baruti chini ya reli, kisha vikatoweka porini. Gari la moshi lilipopita, baruti ililipuka na mabehewa yakapinduka. Waingereza nao wakatafuta kinga. Mbele ya injini wakatanguliza behewa lililotiwa mchanga, ili likitokea la kutokea limpate huyo kwanza. Tena wakayavika baadhi ya magari deraya ya chuma, yenye matundu ya kutolea midomo ya bunduki. Gari la namna hii ndilo tuliloliiga.

Lakini kuilinda reli hakukutosha. Waingereza walikusudia kuingia nchi ya Wadachi kwa kupitia Kilimanjaro, na kati ya Voi na Taveta, mwendo wa kilomita 110 hivi, palikuwa na nyika kavu yenye miiba na maji haba. Mwaka huo huo wa 1915 wakaanza kulaza reli mpya kutoka Voi kuelekea magharibi. Kazi iliongozwa na vikosi vya reli vya jeshi vilivyoletwa kutoka Bara Hindi. Katikati ya mwaka reli ilifika Maktau, na mwanzoni mwa 1916 ikafika Mbuyuni. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza na Makaburu wa Afrika Kusini walikishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi wa Machi wakarudi kwa nguvu kubwa zaidi, wakaitwaa Taveta, kisha Moshi. Reli nayo ikawafuata nyuma, na mwaka huo huo ikaungana na reli ya Wadachi iliyotoka Tanga.

Hiyo ndiyo historia tuliyotaka kuiweka juu ya meza. Sasa ngoja nikueleze kazi.

Atakaye kuiga kitu kikubwa kwa udogo hana budi kuchagua kipimo, na akiisha kukichagua asikiache. Sisi tulichagua moja kwa hamsini, yaani kila mita 50 za kweli ziwe mita moja mezani. Upana wa reli za wakati ule, huku na kwa Wadachi pia, ulikuwa mita moja kamili. Kwa hiyo wetu ukawa milimita 20. Hatukuwa na michoro ya mafundi, bali tulikuwa na picha za zamani. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tutajuaje kimo cha behewa kwa kutazama picha?" Nikamjibu kwamba ikiwa picha imepigwa kutoka mbele, nafasi iliyo kati ya magurudumu tunaijua, basi ilinganishe na kimo, nawe utapata jibu lako. Ndivyo afanyavyo mwanahistoria: hushika jambo moja lililo hakika, akalitumia kupimia mengine.

Mataruma tuliyakata kwa mabanzi membamba ya mbao, kila moja urefu wa milimita 36, tukayapanga milimita 15 kutoka moja hadi jingine. Meza nzima ilikula mataruma 267. Mengi ya mataruma ya kweli ya Reli ya Uganda yalikuwa ya chuma, kwa kuwa mchwa hawaachi mti. Ndiyo sababu yetu tuliyapaka rangi ya kutu. Vyuma vya reli tulivipata katika nyaya nene za shaba zilizotupwa na mafundi wa umeme. Ili kuunyoosha waya, tuliubana ncha moja katika jiliwa, tukaishika ya pili kwa koleo, tukauvuta kwa nguvu hata ukanyooka kama uzi wa fundi mwashi. Katika kila taruma la tano tulipigilia misumari midogo miwili ya shaba nyeupe, na juu ya vichwa vyake tukaulehemu waya. Mwisho tulichekecha mchanga wa mtoni, tukaumwaga katikati ya mataruma, tukautia gundi iliyozimuliwa kwa maji. Ulipokauka ukashika kama kokoto za tuta.

Siku ya kulijaribu gari, injini ilikwenda vizuri hata ikafika kwenye kona, ikaanguka. Tukairudisha, ikaanguka tena. Kumbe mwanafunzi aliyelaza sehemu hiyo aliliamini jicho lake akaacha kupima, na reli zikabanana kwa milimita moja tu. Tukang'oa mataruma 30 tukaanza upya, safari hii tukitumia kipande cha bati chenye pengo mbili zilizoachana kwa milimita 20 barabara. Kabla ya kulehemu popote, kipimio hicho kilipitishwa kwanza. Sikumkaripia kijana yule, kwa sababu alijikaripia mwenyewe.

Kazi ilipokwisha tulifanya sherehe ndogo tukawaalika wazazi na majirani. Gari likaenda na kurudi, watu wakapiga makofi. Miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja kutoka upande wa Taita, aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Aliizunguka meza polepole, mikono nyuma, asiseme neno. Nikamwendea nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, Mwalimu." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Reli nimeiona, na gari nimeliona. Walioilaza wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, bila hasira, "Babu yangu alichukuliwa Kariakoo wakati wa vita hivyo. Hakurudi. Kaburi lake hatulijui. Kila nikisoma habari za vita vile naambiwa kwamba reli ilijengwa, mizigo ikapelekwa. Ilijijenga yenyewe? Mizigo ilikuwa na miguu?"

Usiku ule usingizi haukunijia. Asubuhi niliandika ubaoni hesabu moja, nami nakuomba uifanye pamoja nasi. Chuma cha reli cha namna iliyolazwa kwanza katika Reli ya Uganda kilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi kwa kila mita. Kipande cha mita 9 kina kilo 225, na hakiinuliki ila kwa watu wengi walioinama pamoja juani. Kipande hicho mezani petu kina urefu wa sentimita 18. Je, uzito wake ni nini? Wanafunzi wengi waligawanya kwa hamsini, wakapata kilo 4 na nusu. Walikosea. Kitu kikipunguzwa hupungua urefu, na upana, na kimo. Basi ni hamsini mara hamsini mara hamsini, yaani 125,000. Chuma kile kile chenye umbo lile lile, mezani kingekuwa na uzito usiofika gramu 2. Mtoto angekiinua kwa vidole viwili.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee. Kufanya kitu kidogo hupunguza uzito kuliko kinavyopunguza urefu. Kitabu cha historia nacho ni kiigizo kidogo cha mambo makubwa. Mwandishi hupunguza miaka kuwa kurasa, naye hana budi kufanya hivyo; lakini asipoangalia, mzigo uliovunja migongo ya watu humjia msomaji ukiwa mwepesi kama unyoya. "Reli ikafika Maktau." Maneno matatu! Tulikadiria kwamba, ikiwa mataruma yalipangwa kwa nafasi ile ile tuliyotumia sisi, kilomita 110 zilihitaji mataruma zaidi ya 146,000, na hakuna hata moja lililojitwika.

Tukaendelea na hesabu ya pili. Twaa behewa moja lenye kubeba tani 10. Mtu mmoja akibeba kilo 25 kichwani, mzigo wa behewa hilo unahitaji watu 400. Tena behewa halili chakula, lakini mtu hula. Ikiwa kila mpagazi ala kilo moja ya unga kwa siku, naye anajilisha kwa mzigo wake, akienda siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa amemaliza karibu mzigo wote, asimfikishie askari kitu. Ndiyo sababu majemadari waliililia reli. Na ndiyo sababu, mahali reli ilipokomea, ilibidi watu wachukuliwe kwa maelfu na maelfu, kwa maana ng'ombe na punda waliuawa na ndorobo.

Watu hao walitiwa katika kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza wenyeji walilitamka Kariakoo. Jina hilo lingali lapo Dar es Salaam, na Nairobi pia, ingawa wengi wanaolitaja kila siku wakienda sokoni hawajui lilitoka wapi. Wengine waliingia kwa ujira, na wengi walikamatwa kwa nguvu, hasa mwaka 1917, vita vilipokuwa vimehamia kusini mbali na reli zote. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliobaki njiani waliuawa na tumbo la kuhara damu, homa, baridi na njaa. Wanahistoria waliochunguza hesabu za serikali wanataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika wale waliotoka nchi hii, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Mjini Nairobi ipo sanamu ya ukumbusho iliyosimamishwa mwaka 1928, na mmoja katika wale watu watatu wa shaba ni mpagazi. Ni vema, lakini ni mmoja anayesimama badala ya wote.

Wanafunzi wangu wakaamua jambo ambalo mimi sikuwaagiza. Walisema, "Mwalimu, tuwafanye wote 400 wa behewa moja." Wakafinyanga watu wa udongo, kila mmoja kimo cha milimita 34, ambacho kwa kipimo chetu ni mtu wa mita 1.7, na kila mmoja ana mzigo kichwani. Kazi hiyo ilitwaa muhula mzima. Kijana aliyelaza ile kona mbovu alifinyanga zaidi ya 60, akawa anawapima mmoja mmoja.

Walipokwisha tukawapanga kwa safu moja, kuanzia pale reli inapokomea, kila mmoja sentimita 4 nyuma ya mwenzake. Reli yetu ina mita 4. Safu ya wapagazi ilikuwa na mita 16. Ilijaa sehemu iliyobaki ya meza ya pili, ikashuka sakafuni, ikatoka mlangoni, ikapita barazani mbele ya madarasa mawili. Tulimwita yule mzee aje kuitazama. Hakwenda mezani kwanza. Alianza huku nje barazani, kwa mtu wa mwisho, akaifuata safu hatua kwa hatua hata akaingia ndani. Alipofika kwenye gari alivua kofia yake, akasema, "Sasa mmelifanya."

Msomaji, huenda nawe ukapenda kufanya kiigizo cha namna hii. Fanya, kwa maana mkono ufanyao kazi hufundisha kichwa. Chagua kipimo chako ukishike; usiliamini jicho mahali penye kipimio. Lakini ukiisha kulaza reli yako na kulisimamisha gari lako likang'aa, usiwaite wageni bado. Jiulize kwanza lile swali nililoulizwa mimi. Na kila usomapo katika kitabu kwamba barabara ilikatwa, au ngome ilisimamishwa, au reli ilifika mahali fulani, simama kidogo hapo, uzidishe mara hamsini, na mara hamsini, na mara hamsini tena, ndipo uendelee kusoma.