Kabla ya Kutoka Dukani: Safari ya Kurudishiwa Pesa, Kutoka Balbu Hadi Gemu

Ukinunua balbu Manundu, Korogwe, muuzaji hakufungii papo hapo. Anaitoa kwenye boksi, anaichomeka kwenye holda iliyoning'inia karibu na kaunta, inawaka, mnatazamana, ndipo unalipa. Risiti utakayopewa mara nyingi ina maneno tunayoyajua wote: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mambo hayo mawili ni pacha. Kwa kuwa hakuna kurudisha, lazima kuwe na kujaribu.

Mnadani Handeni ni vivyo hivyo. Mnunuzi humfungua mbuzi mdomo, akatazama meno, akamtembeza hatua chache. Akishalipa, mbuzi ni wake hata akifia njiani.

Gemu ndizo zilizouvuruga utaratibu huu. Wengi wetu tulianza na kaseti za njano zilizojigamba kubeba gemu 9999. Dukani kaseti ilichomekwa, picha ikatokea kwenye televisheni, tukaridhika. Nyumbani, baada ya saa nzima, ndipo tulipogundua kuwa gemu ni chache, zinajirudia kwa majina tofauti. Balbu inajionyesha kwa sekunde moja. Gemu haijionyeshi mpaka uicheze.

Steam ya kampuni ya Valve, iliyoanza mwaka 2003, ilipokuwa duka la mtandaoni, hata ile kaunta ikatoweka. Unalipa, unapakua, na ikikwama ni shauri lako. Kwa miaka mingi kurudishiwa pesa kulikuwa jambo la nadra. Agosti 2013 Electronic Arts ilifungua mlango kwenye duka lake la Origin: saa 24 tangu mchezaji aifungue gemu mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Tume ya Ushindani na Walaji ya Australia iliipeleka Valve mahakamani kwa suala hilo hilo la kurudisha pesa. Juni 2015, kesi ikiwa bado inaendelea, Steam ikatangaza kanuni iliyopo hadi leo: rudisha ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Hukumu ya mwaka 2016 iliiangukia Valve, na faini ikawa dola milioni 3 za Australia. Wapo wanaosema Valve ilijirekebisha yenyewe. Sikubaliani nao. Tarehe hizo zinaonyesha nani alimsukuma nani.

Saa 2 hizo, kwangu mimi, ndiyo ile holda ya Manundu iliyorudi.

Google ilipita njia ya kwenda na kurudi. Duka lake la programu za simu liliwahi kumpa mnunuzi saa 24, likapunguza hadi dakika 15 Desemba 2010, kisha likapandisha hadi saa 2 mwaka 2014. Dakika 15! Kwa mtandao wa vijiji vingi vya Handeni, muda huo unaisha gemu kubwa ikiwa bado inashuka. Na Desemba 2020, gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka ikiwa na kasoro tele, Sony iliitoa kwenye duka lake la PlayStation kabla ya wiki mbili kupita na kuwarejeshea wanunuzi pesa zao.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inambana muuzaji asiukwepe wajibu wa kuuza bidhaa yenye ubora kwa kujiandikia tu maneno kwenye risiti. Lakini PlayStation haina duka la Tanzania. Vijana wetu hufungua akaunti za nchi nyingine na kununua vocha kwa watu wa kati. Sony hurudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa gemu haijaanza kupakuliwa, ila pesa iliyolipwa kwa vocha inarudi kwenye pochi ya akaunti ile ile ya ugenini. Haifiki kwenye simu ya mwenyewe, na aliyemuuzia vocha hahusiki tena.

Nilimuuliza kijana mmoja mwenye kibanda cha gemu Korogwe kwa nini hanunui mtandaoni, wakati mashine yake ina uwezo huo. Akanionyesha diski yenye mikwaruzo. Hii, alisema, aliifuata Kariakoo. Aliomba iwekwe kwenye mashine ya muuzaji, akacheza mechi nzima ya mpira amesimama, mkoba mgongoni, basi likimsubiri. Filimbi ya mwisho ilipolia ndipo alipotoa pesa mfukoni.