Upinde Uliobaki na Lawama

Siku hizi hapa Mji Mkongwe kila kijana ana mtu wake wa kumwita “toxic”. Nimelifuatilia neno hili la Kiingereza, kupitia Kilatini, mpaka Kigiriki, na kumbe huko toxon ni upinde tu. Sumu ya kupaka mishale iliitwa toxikon pharmakon, dawa ya upinde. Pharmakon huponya na huua, kama dawa yetu: dawa ya kikohozi, dawa ya panya. Baadaye “dawa” ikadondoka, upinde ukabaki na lawama yote.

Sisi tunasema sumu, neno la Kiarabu, na Unguja liliwahi kumganda mtu vilevile. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia kasri siku hiyohiyo, na watu wakanong’ona kuwa ndiye aliyemlisha sumu. Haikuthibitishwa. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed. Tarehe 27 wakalipiga kasri mizinga kwa takriban dakika 40, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Mizinga hiyo ina mashahidi tele. Hata hivyo, katika masimulizi ninayoyasoma, Khalid bado hutanguliwa na ile sumu.